Mshipi na Mkuki: Makombora ya Marekani ya Kuvunja Vifaru

Tangu vita vya Ukraine vipambe moto Februari 2022, jina la Javelin limezoeleka katika taarifa za habari za Kiswahili kama lilivyozoeleka zamani la AK-47. Pamoja na umaarufu huo umekuja mkanganyiko. Javelin inasemwa imetungua ndege, ilhali hiyo ni kazi ya Stinger. Picha ya NLAW, silaha iliyobuniwa na Waswidi na Waingereza, inabandikwa jina la Javelin. Hellfire inatajwa leo kuwa kombora la vifaru, kesho inasikika kuwa ndiyo iliyomuua Ayman al-Zawahiri, kiongozi wa al-Qaeda, akiwa roshanini mjini Kabul. Juu ya yote zinavuma hukumu mbili: kwamba zama za kifaru zimekwisha, na kwamba Javelin imezifanya silaha nyingine za aina yake kuwa vitu vya makumbusho.

Hukumu zote mbili zinaruka swali lililowasumbua wahandisi wa Marekani kwa zaidi ya miaka 60. Kombora likishatoka, nani analiongoza, na mtu huyo anabaki wazi mbele ya risasi za adui kwa muda gani? TOW, Dragon, Javelin na Hellfire ni majibu tofauti ya swali hilo moja. Kila jibu lina bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa uzito, kwa fedha au kwa damu.

Faneli ya shaba

Mwaka 1888, katika kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Newport, Rhode Island, mkemia Charles Munroe aliona jambo la ajabu. Alilipua donge la baruti lililoegemezwa kwenye bamba la chuma, na herufi zilizokuwa zimechongwa kwenye donge zikajichora kwenye bamba. Mahali ambapo baruti ilikuwa na shimo, ndipo chuma kilipoumwa zaidi.

Vita vya Pili vya Dunia viliigeuza ajabu hiyo kuwa silaha. Shimo lilivikwa madini, kwa kawaida shaba, likawa mfano wa faneli ambayo mdomo wake unaielekea shabaha. Baruti ikilipuka, faneli inakamuliwa na kuwa mchirizi mwembamba wa shaba ambao ncha yake inakwenda kilomita nane na zaidi kwa sekunde. Watu wengi hudhani mchirizi huo unayeyusha chuma. Sivyo. Unakisukuma kwa shinikizo kubwa mno hata chuma kinatawanyika pembeni kama udongo mbichi unaochomwa kidole.

Matokeo yake ni makubwa. Risasi ya mzinga inahitaji mwendo ili itoboe, na mwendo unahitaji mzinga mzito. Faneli haihitaji mwendo. Inahitaji upana, na nafasi ndogo mbele yake ili mchirizi ujinyooshe kabla ya kugusa chuma. Kwa hiyo mtu mmoja au wawili wanaweza kubeba kitu cha kuua chombo cha tani 40, mradi kitu chenyewe kiwe kinene. Ndiyo maana makombora haya yana tumbo pana: Javelin milimita 127, Dragon 140, TOW 152, Hellfire 178.

Ubaya wa tumbo jembamba Wamarekani waliuonja Korea. Tarehe 5 Julai 1950, karibu na mji wa Osan, kikosi chao cha kwanza kilikutana na vifaru vya T-34 kikiwa na bazuka za milimita 60 za vita vilivyopita. Luteni mmoja alirusha roketi 22 kutoka hatua chache tu, akilenga sehemu ya nyuma ambako chuma ni chembamba, na vifaru vikaendelea na safari.

Kunenepesha roketi peke yake hakukutosha. Roketi isiyoongozwa haina maana yoyote ikirushwa kwa shabaha iliyo kilomita mbili. Wa kwanza kuingiza jeshini kombora la kuongozwa kwa waya walikuwa Wafaransa, kwa SS.10 ya katikati ya miaka ya 1950, iliyoendeleza mawazo ya Wajerumani ya wakati wa vita. Wamarekani walijaribu la kwao, Dart, wakalifuta mwaka 1958 na kununua ya Kifaransa. Kuitumia kulihitaji ustadi kama wa rubani: mlengaji aliliangalia kombora na kifaru kwa pamoja, huku mkono ukisukuma usukani mdogo. Akitetemeka tu, kombora limeingia mchangani.

Mshipi: TOW na sekunde 20

Herufi tatu za jina TOW zinataja mambo matatu: inarushwa kutoka kwenye bomba, inafuatwa kwa macho, inaongozwa kwa waya. Kampuni ya Hughes ilianza kuibuni miaka ya mwanzo ya 1960, na jeshi likaipokea mwaka 1970.

Mlengaji huweka msalaba wa darubini juu ya kifaru na kufyatua. Kombora linatoka, mabawa yanafunguka, na nyuma yake zinafumuka nyaya mbili nyembamba. Mkiani kuna taa. Kifaa kilicho kwenye darubini kinaiona taa hiyo, kinapima imepotoka kiasi gani kutoka kwenye msalaba, kisha kinapeleka masahihisho kupitia waya. Mlengaji hana haja ya kulitazama kombora. Anakaza jicho kwenye kifaru, mashine inafanya mengine. Aliyewahi kuvua kwa mshipi ataelewa mara moja: chambo kiko mbali, lakini mkono bado unatawala.

Na ukiachia mshipi, umepoteza samaki. Toleo lililosambaa zaidi linafika mita 3,750, na safari hiyo inachukua takriban sekunde 20. Hesabu polepole hadi ishirini, ukiwazia kwamba umetoa moshi na mshindo ambao kila mtu upande wa pili ameuona. Huruhusiwi kuinama. Adui hahitaji kukuua. Anahitaji kukushtua tu.

Oktoba 1973, jangwani Sinai, Wamisri waliokuwa na makombora ya Kisovieti ya waya waliviumiza vibaya vifaru vya Israeli vilivyokuja bila askari wa miguu. Marekani ilisafirisha TOW kwa ndege kwenda Israeli wakati vita hivyo vikiendelea. Lakini Waisraeli walijifunza pia dawa yake: ukiona moshi wa kombora likitoka, mimina risasi kule lilikotoka na uendeshe kwa kuyumba. Tangu hapo kila jeshi limejua kwamba anayeshika waya ndiye sehemu dhaifu ya silaha yenyewe.

TOW ina udhaifu mwingine. Mtambo wake na stendi ni yapata kilo 90, kwa hiyo makao yake halisi ni garini au kwenye helikopta. Waya haupendi kupita juu ya maji mengi wala kukatiza nyaya za umeme mkubwa. Nguvu zake hata hivyo hazipewi sifa zinazostahili. Akili ya gharama, yaani darubini na kompyuta, hubaki na mrushaji badala ya kulipuka pamoja na kombora. Waya hauzibiki kama redio. Na mlengaji anaweza kubadili nia kombora likiwa angani: akiona basi la raia limejitokeza, analielekeza ardhini. Katika vita vinavyopiganwa mitaani, naona uwezo huo ni mkubwa kuliko mita elfu moja za ziada.

Maisha marefu ya TOW yametokana na kubadilishwa tumbo kila adui alipobadilisha ngozi. Vifaru vya Kisovieti vilipoanza kuvikwa vijisanduku vya baruti, vinavyolipuka nje na kuuvuruga mchirizi wa shaba, ilikuja TOW 2A ya mwaka 1987. Hii ina kilipuzi kidogo puani cha kufyatua kijisanduku kwanza, kisha faneli kubwa inapita palipobaki wazi. Baadaye ikaja TOW 2B, ambayo haikigongi kifaru kabisa: inapita juu yake na kufyatua chini vipande viwili vya madini kwenye paa, ambako chuma ni chembamba. Matoleo ya sasa yameacha waya na kutumia redio, yakafika mita 4,500, lakini jicho la mlengaji bado limefungwa pale pale.

Shabaha zake nazo zimebadilika. Kenya ilinunua helikopta za Hughes 500MD, baadhi zikiwa zimefungwa TOW, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, wakati jirani zake walikuwa na vifaru vya Kisovieti. Huko lilikuwa kombora la vifaru kweli. Tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Cobra za Marekani ziliirushia TOW nyumba mjini Mogadishu ambamo watu wa Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa Somalia, walikuwa mkutanoni. Julai 2003, nyumba iliyowaficha wana wa Saddam Hussein huko Mosul ilipigwa kwa TOW vilevile. Takriban 2,000 ziliuzwa kwa siri kwa Iran mwaka 1985 na 1986, zikazaa kashfa iliyomtikisa Rais Reagan. Kombora lililobuniwa kwa ajili ya tambarare za Ujerumani limeua watu wengi ambao hawakuwahi kupanda kifaru.

Njia mbili zilizopotea

Kabla ya Javelin kulikuwa na majaribio mawili mengine yanayofaa kutajwa, kwa sababu makosa yake ndiyo yaliyomzaa mrithi. Shillelagh ilitaka kuunganisha mzinga na kombora: bomba moja la milimita 152 kwenye kifaru chepesi cha Sheridan, lirushe risasi za kawaida na kombora pia. Kila risasi ya kawaida ilipofyatuliwa, kishindo chake kilitikisa vifaa dhaifu vya kuongozea kombora. Sheridan zilipelekwa Vietnam bila makombora yake.

Dragon, iliyoingia katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa TOW ya kubebwa begani. Mlengaji aliketi chini, miguu mbele, bomba likiwa begani na ncha ikiegemea vijiti viwili. Kombora halikuwa na usukani wa kawaida; ubavuni lilizungukwa na injini ndogo 60 zilizolipuka jozi kwa jozi kurekebisha mwelekeo, na safari yote ilisikika kama fataki. Kombora lilipotoka, uzito uliokuwa ukilikandamiza bega ulitoweka ghafla, bega likainuka, msalaba ukaruka juu ya shabaha. Upeo wake ulikuwa mita 1,000, umbali ambao bunduki ya rashasha ya kifaru humfikia mtu bila taabu, na safari ilichukua sekunde 11 hivi. Askari wengi hawakuiamini, na walikuwa na haki.

Mkuki: Javelin

Mrithi wa Dragon alitafutwa kwa mashindano ya mawazo matatu: kombora linalofuata mwale wa leza, kombora lenye kamera inayomletea mlengaji picha kupitia waya wa kioo, na kombora lenye jicho lake lenyewe. Mwaka 1989 jicho lilishinda, na mwaka 1996 Javelin ikaingia jeshini.

Jina ni la mkuki, mkuki ule ambao Julius Yego wa Kenya aliurusha akawa bingwa wa dunia mwaka 2015, na kwa silaha hii jina limekaa mahali pake. Ukiuachia mkuki, kazi yako imekwisha. Mlengaji anaiona shabaha kwa kamera ya joto. Anawasha betri ambayo pia inalipoza jicho la kombora kwa gesi, na tangu hapo ana kama dakika nne kabla betri hiyo haijawa takataka. Anakibana kifaru ndani ya vijimabano kwenye skrini mpaka jicho likishike. Anafyatua. Kombora linatoka kwa msukumo mdogo, linasogea mita chache, ndipo injini kuu inawaka. Mlengaji anaweza kurusha akiwa chumbani bila kuunguzwa na moto wa nyuma. Halafu anakimbia. Kombora linapanda takriban mita 150 na kushuka juu ya paa la kifaru.

Tarehe 6 Aprili 2003, karibu na njia panda ya Debecka kaskazini mwa Iraq, makomando wachache wa Marekani pamoja na wapiganaji wa Kikurdi walishambuliwa na deraya na vifaru vya Iraq. Makomando hawakuwa na kifaru hata kimoja. Javelin ndizo zilizowaokoa. Kwa TOW wasingepata nafasi ya kufunga stendi.

Upungufu wake uko sehemu nne. Kwanza joto: alfajiri na machweo, ambapo chuma na ardhi hukaribiana joto, kamera hupungukiwa na tofauti ya kuishika. Pili uzito: mtambo na kombora moja ni kilo 22 na zaidi, na askari ana maji, risasi na chakula cha kubeba pia. Tatu, mkuki ukishatoka haurudi. Mlengaji akigundua amekosea, hana la kufanya. Nne ni fedha. Jicho na kompyuta vinalipuka kila safari, na katika bajeti za karibuni za Marekani kombora moja limegharimu kati ya dola 170,000 na 200,000. Hiyo haiwi hasara ukiua kifaru cha mamilioni. Inakuwa hasara ukiua pikapu au kibanda cha mlinzi, na vitani ndivyo inavyotokea mara nyingi.

Tochi: Hellfire

Hellfire, iliyozaliwa kwa ajili ya helikopta ya Apache miaka ya 1980, ina kilo 45 na zaidi na upeo wa kilomita nane au zaidi kidogo. Kombora halifuati kifaru. Linafuata doa la leza lililomulikwa juu ya kifaru. Anayemulika si lazima awe anayerusha. Askari aliyejificha kilimani anaweza kushika tochi, na helikopta ikarusha ikiwa nyuma ya miti. Hapo swali la nani yuko wazi halijafutwa, limehamishiwa kwa mtu mwingine. Vumbi, moshi na mawingu ya chini vinaweza kulificha doa, na ndiyo sababu lilitengenezwa toleo la rada kwa Apache za Longbow. Usiku wa kuamkia Januari 17, 1991, Apache zilizitumia Hellfire za leza kuvunja vituo vya rada vya Iraq, na hayo yakawa mashambulizi ya kwanza ya Vita vya Ghuba. Tangu droni zilipoanza kuzibeba mwanzoni mwa karne hii, habari zake zimekuwa za watu kuliko za vifaru.

Je, kifaru kimekufa?

Wanaosema ndiyo wanaonyesha picha za vifaru vya Urusi vilivyorushwa vichwa. Picha hizo ni za kweli, na sababu inajulikana: katika T-72 na jamii yake, mabomu hupangwa kwa duara chini ya miguu ya wafanyakazi, na mchirizi ukiingia kwa juu unayakuta yote pamoja. Lakini udhaifu huo ni wa muundo mmoja, si wa kila kifaru. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya gharama: droni ndogo ya dola mia chache, iliyofungwa roketi ya RPG, inafanya leo sehemu ya kazi ya Javelin, na rubani wake yuko kilomita kadhaa nyuma.

Upande wa pili unajibu kwamba kifo cha kifaru kilitangazwa pia mwaka 1973, na miaka 18 baadaye vifaru vikaivuka Kuwait kwa saa 100. Unaongeza kwamba ngozi imeanza kuwa na macho: mfumo wa Kiisraeli wa Trophy, unaogundua kombora linalokuja na kulipiga kabla halijafika, umefungwa kwenye baadhi ya vifaru vya Abrams vya Marekani. Jibu hilo lina uzito, ila linasahau kwamba Trophy nayo ina idadi ya risasi, na anayeweza kurusha mara nyingi atapita.

Naona wote wawili wanaulizana swali lisilofaa. Safu ya vifaru iliyoingia barabarani kuelekea Kyiv bila askari wa miguu wa kupekua vichaka ilifanya kosa lile lile la Sinai. Kombora halikukitoa kifaru vitani. Lilikinyima ruhusa ya kutembea peke yake.

Mizani

Kwa askari wa miguu, Javelin ni chaguo sahihi na sioni mpinzani wa haki. Sekunde 20 za kumkodolea macho adui ni nyingi mno kumdai mtu asiye na chuma mbele yake. Kwa gari la deraya hesabu inageuka. Bradley, gari la deraya la Marekani, hulazimika kusimama ili kurusha TOW, lakini ina ngozi ya kustahimili risasi za rashasha na nafasi ya kubeba makombora ya akiba, na kombora lenye kubakiza akili garini linairuhusu kurusha bila kuhesabu kila senti. Wanaotaka TOW iondolewe kwa sababu ni ya babu zao wanapima umri badala ya kazi. Droni, nayo, imechukua nafasi ya kumfuata adui aliyejificha, lakini mawimbi yake yanazibwa, na kwenye mvua na upepo mkali inabaki chini. Javelin haisikilizi mawimbi ya mtu yeyote.

Jambo moja linaizidi hoja yote ya ubora. Machi 2022 Ukraine iliomba Javelin 500 kwa siku. Wakati huo Marekani ilikuwa ikitengeneza takriban 2,100 kwa mwaka, na kiwanda cha kuziunganisha kilikuwa kimoja, mjini Troy, Alabama. Uzalishaji wa mwaka mzima ungekwisha siku ya tano. Lengo lililowekwa baadaye ni 3,960 kwa mwaka, ambazo kwa kasi hiyo hazitoshi hata siku nane. Kila jicho lililotiwa puani mwa kombora limemwezesha askari kukimbia akiwa hai, na limelifanya kombora lenyewe liwe gumu kutengenezwa kwa wingi. Jeshi litakalochagua mkuki peke yake, likaacha mshipi na kudharau droni, litakuwa na silaha bora kwa muda wa wiki moja.